Ombi la uraia likikataliwa Uingereza: isome barua kabla ya kulipa tena

Familia nyingi za mwambao wetu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, zina mtu wao Uingereza. Yuko aliyekwenda kusoma akabaki kazini, yuko aliyemfuata mume au mke, na yuko aliyeingia akiwa mkimbizi. Baada ya miaka ya vibali na ada, wengi wao hufika kwenye lango la mwisho, nalo ni kuomba uraia wa tajnisi. Wapo wanaokubaliwa, na wapo wanaopokea barua ya kukataliwa. Habari hiyo ya pili hufika nyumbani kama ifikavyo habari ya msiba: kwa simu moja, kisha ukimya.

Sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti huifahamu habari hii kwa mlango wa pembeni. Huja ndugu wa mhusika kuomba barua ya kuthibitisha ndoa, barua ya kueleza msiba, au barua ya kushuhudia mwenendo wa kijana aliyekulia mtaani petu. Mara nyingi ombi hilo huja na haraka: barua iandikwe leo, kwa kuwa jamaa yetu anaomba tena wiki ijayo. Ni haraka hiyo ndiyo inayostahili kuzungumzwa katika kurasa za familia, kwa sababu imewatia hasarani watu wengi kuliko kukataliwa kwenyewe.

Jambo la msingi ni hili. Ombi la pili haliifuti kasoro ya ombi la kwanza. Husomwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ileile, ambayo tayari inalo jalada la kwanza. Anayeomba tena bila kuielewa sababu ya kukataliwa hununua jibu lilelile kwa bei mpya.

Na bei si ndogo. Ada iliyoanza Aprili 2025 ilikuwa pauni 1,605 za ombi, na juu yake pauni 130 za hafla ya kiapo, jumla pauni 1,735. Ombi likikataliwa, hurejeshwa zile 130 za hafla tu. Nyingine zote zimekwenda. Fedha hizo ndizo ada ya shule ya mtoto aliyeachwa kwa bibi, ndizo dawa za mzazi, ndizo bati la nyumba iliyosimama nusu.

Kukataliwa kuna maana gani?

Tuanze na kinachowatia watu hofu bila sababu. Aliyenyimwa uraia hajafukuzwa nchini. Karibu kila mwombaji wa tajnisi huwa tayari na ukaazi wa kudumu, yaani ruhusa ya kuishi Uingereza bila ukomo wa muda. Kukosa uraia peke yake hakuiondoi ruhusa hiyo. Ataendelea kufanya kazi, watoto wataendelea kwenda shule, na pasipoti yake ya nyumbani itabaki kuwa pasipoti yake. Hali hubadilika pale tu uchunguzi wa ombi unapoonesha kwamba ukaazi wenyewe ulipatikana kwa udanganyifu. Hapo mtu anahitaji mwanasheria, wala si fomu nyingine.

Wako wanaokata tamaa wakarudi nyumbani kwa hasira, wakisema watakwenda tena mambo yakitulia. Hao wajue kwamba kwa kawaida ukaazi wa kudumu hupotea mwenye nao akikaa nje ya Uingereza kwa zaidi ya miaka miwili mfululizo. Hasira ya siku moja isije ikamaliza kazi ya miaka kumi.

Jambo jingine ni kwamba kukataliwa si hukumu juu ya utu wa mtu. Yuko aliyekataliwa kwa kosa zito, na yuko aliyekataliwa kwa sababu aliuguza, akazika, akakaa na wafiwa, siku zikamzidi. Ndugu wanaopokea habari hii wasiwaweke watu hao wawili katika kapu moja, na wasianze kuuliza barazani amefanya nini huko.

Sheria inataka nini?

Msingi wa yote ni Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1981, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1983. Kifungu chake cha 6 kinafungua njia mbili. Ya kwanza ni ya mtu yeyote mzima aliyeishi nchini humo miaka mitano, na ambaye amekuwa na ukaazi wa kudumu kwa miezi 12 ya mwisho. Ya pili ni ya aliyeoa au kuolewa na raia wa Uingereza. Huyo hutakiwa miaka mitatu, na anaweza kuomba mara tu apatapo ukaazi wa kudumu.

Katika njia zote mbili mwombaji awe ametimiza miaka 18, ajue Kiingereza, Kiwelisi au Kigaeli cha Scotland kwa kiwango kinachotakiwa, na awe amefaulu mtihani wa maisha ya Uingereza. Mtihani huo una maswali 24 kwa dakika 45, na wa kufaulu ni mwenye kupata 18. Waliotimiza miaka 65 wamesamehewa lugha na mtihani. Kisha huja sharti lililo pana kuliko yote, nalo ni mwenendo mwema.

Ukiyatazama masharti haya, utaona kwamba sababu za kukataliwa huangukia mafungu matatu: siku, karatasi na mwenendo. Kila fungu lina dawa yake, na dawa ya moja haitibu jingine.

Fungu la siku

Kwa njia ya miaka mitano, mwombaji asiwe amekaa nje ya Uingereza zaidi ya siku 450 katika muda wote, wala zaidi ya siku 90 katika miezi 12 ya mwisho. Kwa njia ya ndoa, siku za nje zisizidi 270 katika miaka mitatu, na 90 katika mwaka wa mwisho. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi hazihesabiwi. Huhesabiwa siku kamili zilizo katikati. Tena liko sharti ambalo wengi hulisahau: mwombaji awe alikuwa ndani ya Uingereza siku ileile muda wake ulipoanza, yaani miaka mitano au mitatu kamili nyuma ya siku ombi linapopokewa. Ombi likipokewa tarehe 5 Januari 2026, mwombaji wa miaka mitano atazamwe alikuwa wapi tarehe 6 Januari 2021. Ikiwa siku hiyo alikuwa Pemba harusini, ni salama kwake kungoja na kuichagua tarehe nyingine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Dada mmoja muuguzi, mwenye ukaazi wa kudumu wa miaka kadhaa, aliondoka Uingereza tarehe 20 Februari 2024 akimsindikiza mumewe mgonjwa. Mume akafariki Tanga tarehe 1 Machi. Mjane akakaa eda miezi minne na siku kumi, kama dini inavyomtaka, na akarejea kazini tarehe 8 Julai. Hesabu ya siku kamili alizokuwa nje ni 138. Tarehe 15 Januari 2025 akatuma ombi lake, akiamini kwamba kwa miaka mitano yote hajafika hata siku 300. Ni kweli, hajafika. Lakini miezi 12 ya mwisho ina hesabu yake peke yake, na safari yote ya msiba ilikuwa ndani ya miezi hiyo. Mpaka ni 90, yeye ana 138.

Sasa tazama. Lau dada huyu angetuma ombi lilelile tarehe 15 Aprili 2025, miezi 12 ya mwisho ingeanza tarehe 16 Aprili 2024, na siku za nje zilizobaki ndani yake zingekuwa 83. Angekuwa ndani ya mpaka. Miezi mitatu ya subira ingemwokolea pauni 1,500, ambayo ndiyo ada ya ombi kabla ya ongezeko la Aprili.

Sheria inampa afisa uwezo wa kusamehe siku zilizozidi. Zikizidi kidogo, msamaha huwa mwepesi. Zikizidi sana, mwombaji aoneshe kwamba maisha yake yako Uingereza na kwamba kuna sababu nzito iliyomzuia. Lakini afisa hawezi kusamehe kwa sababu asiyoijua. Mjane wa mfano wetu, kama alilazimika kuomba Januari, alipaswa kuambatanisha cheti cha kifo, tiketi, barua ya mwajiri ya likizo, na maelezo mafupi ya eda ni nini. Neno eda halimo katika fomu ya serikali ya Uingereza, na si ajabu afisa akalisikia kwa mara ya kwanza.

Kwa aliyekataliwa kwa sababu ya siku, basi, dawa kubwa ni kalenda. Achukue pasipoti zote, za zamani na mpya, aandike kila safari kwa tarehe ya kutoka na kurudi, kisha aitafute siku ambayo hesabu zote mbili zitakaa sawa. Hakuna muda maalumu wa adhabu uliowekwa kati ya ombi na ombi. Anaweza kuomba mara tu masharti yanapotimia.

Fungu la karatasi

Wako wanaokataliwa kwa sababu cheti cha lugha hakikutoka kwa mtahini anayetambuliwa, hati fulani haikuletwa, au wizara iliwaandikia ikitaka maelezo na baruapepe haikujibiwa. Hili ni fungu jepesi kulitibu, lakini lina mtego unaotuhusu sisi wa nyumbani: majina na tarehe.

Kwa desturi yetu mtu huitwa kwa jina lake, la baba na la babu. Huko hutakiwa jina la ukoo. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na cheti cha kuzaliwa chenye majina mawili, cheti cha ndoa chenye matatu, na pasipoti yenye mpangilio mwingine. Wazee wetu wengine walizaliwa kabla uandikishaji haujaenea, na mwaka wa kuzaliwa ukakadiriwa tu. Haya yote huelezeka, ila yaelezwe mapema, kwa kutaja kila jina na kila tarehe iliyowahi kutumika. Yakiachwa yagunduliwe na afisa, hugeuka kuwa shaka.

Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vya Tanzania Bara hutolewa na RITA, na vya Zanzibar na wakala wa usajili wa matukio ya kijamii. Ndugu aliyeko nyumbani ambaye anataka kusaidia kwa dhati afuate foleni katika ofisi hizo. Huo ni msaada wenye thamani kuliko njia ya mkato ya mtu anayejua mtu.

Fungu la mwenendo

Hapa ndipo penye uzito. Mwenendo mwema haukufafanuliwa ndani ya sheria yenyewe. Wizara hutumia mwongozo wake, nao hubadilika. Kwa mwongozo wa sasa, aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi kwa kawaida hukataliwa. Hukumu ndogo kuliko hiyo hupimwa pamoja na sura nzima ya maisha ya mtu. Wizara hutazama pia kodi ya mapato, kodi ya halmashauri isiyolipwa, kufilisika kwa uzembe, na kufanya kazi au kuishi nchini bila ruhusa. Mfanyabiashara aliyetaja mapato makubwa alipoomba kibali, kisha akataja madogo alipowasilisha hesabu za kodi, ataulizwa kauli ipi kati ya hizo mbili ilikuwa ya kweli.

Tangu tarehe 10 Februari 2025 mwongozo umekuwa mkali zaidi kwa walioingia nchini bila ruhusa. Walioomba kuanzia siku hiyo, kama waliingia kinyume cha sheria au kwa safari ya hatari kama ya mashua ndogo, kwa kawaida hukataliwa hata kama miaka mingi imepita. Wakimbizi wengi, wakiwemo ndugu zetu kutoka Somalia, wanaguswa na kauli hii. Aliyekataliwa kwa sababu hiyo asilipe ada ya ombi jingine kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji, kwa kuwa kungoja tu hakutamsaidia kama kunavyomsaidia aliyezidisha siku.

Lakini sababu inayoumiza kuliko zote ni ile ambayo mwombaji aliitengeneza mwenyewe: kuficha. Mtu ana kosa dogo la miaka iliyopita, ambalo pengine lingesamehewa, naye akajibu hapana palipotakiwa ndiyo. Kosa dogo likageuka udanganyifu. Kwa mwongozo wa wizara, udanganyifu kwa serikali uliotokea ndani ya miaka 10 kabla ya ombi ni sababu ya kawaida ya kukataa. Maana yake ni kwamba uongo wa mstari mmoja unaweza kumfungia mtu mlango kwa muongo mzima, ilhali ukweli ungemgharimu maelezo ya nusu ukurasa.

Na hata uongo ukipita, haujafa. Kifungu cha 40 cha sheria ileile kinaruhusu kunyang'anywa uraia uliopatikana kwa udanganyifu, kwa maelezo ya uongo au kwa kuficha jambo la msingi. Mtu anaweza kuvishwa joho la uraia leo, kisha kuvuliwa akiwa na wajukuu.

Sisi Waislamu hatukuhitaji kungoja wizara itufundishe jambo hili. Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inazungumzia kusimama na haki katika ushahidi, na haikumtoa mtu nafsi yake, wazazi wake wala jamaa zake. Fomu ya serikali nayo ni ushahidi. Anayeijaza anatoa kauli na anatia saini. Asiione kuwa nje ya dini kwa sababu tu imeandikwa kwa Kiingereza.

Njia tatu baada ya barua

Barua ya kukataliwa hutaja sababu. Aisome mara tatu, ya kwanza kwa uchungu, ya pili kwa utulivu, na ya tatu akiwa na kalamu. Kisha ajiulize swali moja: je, wizara imekosea, au mimi sikutimiza sharti?

Kama wizara imekosea, kwa mfano imehesabu siku vibaya au haikuizingatia hati iliyoletwa, njia ni kuomba uamuzi uangaliwe upya. Iko fomu yake, inayoitwa NR, nayo ina ada yake. Uamuzi wa kunyima tajnisi hauna rufaa ya kawaida mbele ya baraza la uhamiaji, na hilo huwashangaza wengi. Kinachobaki juu ya fomu hiyo ni mapitio ya kimahakama. Hayo hufunguliwa upesi, na kwa vyovyote si zaidi ya miezi mitatu tangu uamuzi utolewe. Ni njia ya gharama, na mahakama hutazama kama sheria ilifuatwa, haimpi mtu uraia yenyewe.

Kama mwombaji ndiye ambaye hakutimiza sharti, kuangaliwa upya hakutamfaa. Njia yake ni ombi jipya, wakati wake ukifika, na sababu ya kwanza ikiwa imeondoka. Ombi hilo jipya litaje wazi kwamba la kwanza lilikataliwa, lieleze kilichobadilika, na liwe na ushahidi wake. Kulificha ombi la kwanza ni kuiambia wizara jambo ambalo jalada lake yenyewe linalikanusha.

Wadhamini, maimamu na barua zetu

Kila mwombaji hutakiwa kuwa na wadhamini wawili waliomfahamu kwa miaka mitatu au zaidi. Mmoja awe mtu mwenye taaluma inayotambuliwa, wa uraia wowote, na viongozi wa dini wamo katika orodha hiyo. Wa pili kwa kawaida awe na pasipoti ya Uingereza, na awe mwenye taaluma au aliyezidi miaka 25. Wasiwe jamaa wa mwombaji, wala jamaa wao kwa wao, wala wakili wake katika jambo hilo.

Ndiyo maana maimamu wa misikiti ya Uingereza huombwa sana. Imamu aliyemjua mtu kwa swala tatu za Ijumaa asitie saini kwamba anamjua kwa miaka mitatu. Ni kosa la jinai kutoa maelezo ya uongo kwa kujua au kwa kutojali, na zaidi ya hapo ni kuiuza heshima ya mimbari. Aliyekataliwa mara ya kwanza asimlazimishe imamu wala asimnunie. Amwendee daktari, mwalimu au jirani anayemjua kweli.

Kwa kamati zetu za huku nyumbani, kanuni ni hiyohiyo. Barua ya msikiti iseme tunalolijua: kwamba ndoa hii ilifungwa kwetu tarehe fulani na imo katika daftari letu, au kwamba fulani alihudhuria maziko ya mama yake. Iandikwe kwa tarehe ya siku inapoandikwa. Tukiombwa kurudisha tarehe nyuma, au kuandika kwamba talaka ilitoka mwaka ambao haikutoka, tukatae kwa upole na tueleze kwa nini. Barua ya uongo yenye mhuri wa msikiti haimsaidii jamaa yetu. Inamwekea moto chini ya mkeka, na inazitia shaka barua zote za kweli zitakazotoka msikitini humo baadaye.

Mambo ya kuamua kama familia

Kabla ya kuomba tena, ni vizuri jambo hili lizungumzwe nyumbani, maana halimhusu mtu mmoja.

Kwanza, uraia wa huku. Kenya, kwa katiba yake ya mwaka 2010, inaruhusu mzaliwa wake kuwa na uraia wa nchi mbili. Tanzania, kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, haimruhusu mtu mzima. Mtanzania anayepata uraia wa Uingereza kwa hiari yake huacha kuwa Mtanzania. Kuomba peke yake hakumwondolei uraia wa Tanzania, wala kukataliwa. Uraia mpya huanza pale anapokula kiapo katika hafla. Kwa hiyo muda kati ya kukataliwa na ombi la pili unaweza kuwa neema: nafasi ya kuuliza kwa utulivu kuhusu shamba la urithi, nyumba na haki nyingine, kabla ya kuchukua hatua isiyorudi nyuma kwa wepesi.

Pili, watoto. Mtoto aliyezaliwa Uingereza baada ya mzazi mmoja kupata ukaazi wa kudumu ni raia tangu kuzaliwa, hata kama ombi la mzazi huyo la tajnisi limekataliwa. Aliyezaliwa huko kabla ya hapo anaweza kuandikishwa akiwa bado mtoto, mzazi wake akishapata ukaazi huo. Wazazi wengi hulipa ada ya ombi la pili la baba huku hawajui kwamba mtoto wao tayari ni raia.

Tatu, safari. Sisi wa nyumbani ndio tunaopiga simu: njoo harusini, njoo Ramadhani, ongeza wiki mbili mzazi amekumiss. Hatukosei kumtaka mtu wetu. Lakini anapokuwa katika mwaka wa mwisho kabla ya kuomba, tumuulize kwanza amebakiwa na siku ngapi. Akitaka kwenda Hija mwaka huo, aziweke siku zake katika hesabu tangu mwanzo.

Nne, mshauri. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1999, si ruhusa kutoa ushauri wa uhamiaji kama kazi bila kusajiliwa au kuwa mwanasheria anayestahili. Msimamizi wa washauri hao, tangu Januari 2025, anaitwa Immigration Advice Authority, na daftari la waliosajiliwa liko wazi kwa kila mtu. Mtu wa makundi ya simu anayejaza fomu kwa pauni mia mbili, kisha akamwambia mteja asitaje kosa lake, hatakuwepo siku ya kuulizwa. Aliyetia saini ndiye atakayeulizwa.

Subira yenye kazi

Subira tunayousiana si ya kukaa na kushika tama. Aliyekataliwa ana kazi ya kufanya katika miezi anayongoja: kulipa deni la halmashauri, kunyoosha hesabu za kodi, kukusanya vyeti, kuandika safari zake zote katika daftari moja. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Umma uliofundishwa hivyo haukupaswa kushindwa kutunza tarehe za safari.

Na familia ina kazi yake pia. Tusimuulize kila Ijumaa kama jibu limetoka, kwa kuwa kwa kawaida huchukua hadi miezi sita. Tusimlinganishe na mtoto wa jirani aliyepata. Tumtafutie cheti anachokihitaji, tumwandikie ukweli tunaoujua, na tumwachie siku zake zitimie.

Wabillahi tawfiq.